Sheria na Fedha: Warsha za Vyuo Vikuu Zishuke Kilosa na Mikumi

MSOMAJI wa ukurasa huu amezoea kukuta bei za hisa, bei za mazao na hali ya shilingi yetu. Wiki hii naomba radhi. Nitaziweka bei pembeni nizungumzie jambo ambalo halimo katika jedwali lolote la soko, lakini limejificha ndani ya kila bei na kila riba: nini kinatokea mtu anapokopa na asilipe.

Kilichonisukuma ni warsha. Vyuo vikuu vingi vya nje huendesha mfululizo wa warsha kuhusu utafiti wa sheria na fedha, na hapa kwetu pia semina za aina hiyo hazikosi. Utaratibu wake si mgumu. Mtafiti analeta andiko ambalo bado halijachapishwa, mwenzake analichambua, wasikilizaji wanauliza maswali, chai inanywewa, kisha mwenyewe anarudi na andiko lake kulirekebisha. Ni utaratibu mzuri, na mwandishi huyu aliyesomea biashara hana ugomvi nao.

Ugomvi wangu ni wa mahali na wa maswali. Katika warsha moja niliyohudhuria, mtoa mada alionyesha jedwali baada ya jedwali: nchi hii inamlinda mkopeshaji hivi, ile inamlinda mwenye hisa vile. Nikanyoosha mkono nikauliza: mkulima wa Kilosa mwenye hati ya hakimiliki ya kimila yumo katika safu ipi? Mtoa mada, mtu muungwana kabisa, akajibu kuwa swali ni zuri lakini liko nje ya takwimu zake. Tukaenda kunywa chai.

Ndugu msomaji, swali hilo haliko nje. Kwa nchi kama yetu swali hilo ndilo lililotakiwa kuwa mada yenyewe.

Jedwali la mwaka 1998

Tuanze na walikotoka wataalamu hawa. Mwaka 1998 wachumi wanne, Rafael La Porta, Florencio Lopez-de-Silanes, Andrei Shleifer na Robert Vishny, walichapisha andiko ambalo hata jina lake ni hilo hilo, sheria na fedha. Walilinganisha sheria za nchi 49: mwenye hisa chache analindwaje dhidi ya wakubwa wa kampuni, na mkopeshaji analindwaje mdaiwa anaposhindwa. Waligundua kuwa, kwa wastani, nchi zilizorithi sheria za Kiingereza zinawalinda watu hao kuliko nchi zilizorithi sheria za Kifaransa. Aidha, pale ambapo ulinzi ni hafifu, hisa za kampuni kubwa hujikusanya mikononi mwa wachache.

Andiko hilo lilizaa mamia ya mengine. Kenya ilikuwamo katika nchi zile 49. Nigeria, Zimbabwe, Afrika Kusini na Misri nazo zilikuwamo. Tanzania haikuwamo, na sababu yake ni rahisi. Ili nchi iingie katika hesabu ilitakiwa iwe na angalau kampuni tano zilizoorodheshwa katika soko la hisa mwaka 1993, zisizo za fedha na zisizo na mkono wa serikali. Mwaka 1993 sisi hatukuwa na soko lenyewe. Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ilipitishwa mwaka 1994, Soko la Hisa la Dar es Salaam likaandikishwa mwaka 1996, na biashara ya kwanza, ya hisa za TOL, ikafanyika Aprili 15, 1998. Yaani mwaka ule ule wataalamu walipochapisha jedwali, sisi ndio kwanza tulikuwa tunafungua mlango.

Baadaye watafiti hao hao walitambua kuwa sheria ya kwenye kitabu haitoshi. Mwaka 2003 watatu kati yao, pamoja na Simeon Djankov, walichapisha utafiti kuhusu mahakama za nchi 109. Waliuliza maswali mawili ya kawaida kabisa: inachukua muda gani kudai fedha za hundi iliyokataliwa na benki, na inachukua muda gani kumtoa mpangaji asiyelipa kodi. Kutokana na fikra hizo Benki ya Dunia ilianza kutoa taarifa zake za kila mwaka kuhusu wepesi wa kufanya biashara, zile ambazo mawaziri walikuwa wakizipigia makofi nchi inapopanda na kuzikalia kimya inaposhuka.

Taarifa hizo zilisitishwa Septemba 2021 baada ya kubainika kasoro katika takwimu. Lakini hata zilipokuwa hai, kwa Tanzania zilipima jiji la Dar es Salaam peke yake. Siku za kudai deni Kilosa hazikuwahi kuhesabiwa humo. Kwa hiyo ile hesabu ya Dar es Salaam ilikoma pamoja na taarifa hizo, na ya Kilosa hatukuwa nayo tangu mwanzo. Pengo hilo ndilo ninalotaka vyuo vyetu vilizibe.

Mwekezaji mdogo anaingiaje?

Huenda mwenye hisa zake chache atasema kuwa habari za mashamba hazimhusu. Zinamhusu, na nitafika huko. Kwanza tukumbushane kwamba sheria ina mpaka wake hata katika soko lenyewe la hisa.

Mwaka 2016 Bunge lilizitaka kampuni za simu ziuze asilimia 25 ya hisa zao kwa umma. Vodacom Tanzania ikauza hisa milioni 560 kwa Sh. 850 kila moja, ikakusanya Sh. bilioni 476, na ikaorodheshwa Agosti 2017. Mwanzoni hisa zilikuwa za Watanzania tu. Waliojitokeza hawakutosha, muda ukaongezwa, na mlango ukafunguliwa kwa wageni. Miaka iliyofuata hisa hiyo ilishuka chini ya bei ya kuuzia. Somo lake halihitaji shahada. Sheria iliweza kuileta kampuni sokoni, lakini haikuweza kumfanya mtu aione hisa ile kuwa na thamani ya Sh. 850. Thamani inatokana na imani ya mnunuzi juu ya yatakayokuja, na imani hiyo haiamriwi na Bunge.

Kanuni hiyo hiyo inafanya kazi kijijini, ila huko kinachopimwa ni shamba.

Hati ya mjomba

Mikumi wengi wanaijua kwa wanyama. Hifadhi yake ilianzishwa mwaka 1964, na abiria wa mabasi ya Iringa na Mbeya huwaona twiga bila kulipa kiingilio. Lakini Mikumi ni mji mdogo wa biashara pia, ndani ya Wilaya ya Kilosa: malori yanalala, nyumba za wageni zinajaa, mahindi, mbaazi na ufuta vinashuka kutoka vijijini. Kaskazini yake, kilomita zisizofika 80, ndipo ulipo mji wa Kilosa, kwenye reli ya kati na sasa pia kwenye reli ya kisasa, ambayo tangu mwaka 2024 inapakia abiria wa Dar es Salaam na Dodoma.

Katika kijiji kimoja kati ya miji hiyo miwili anaishi mjomba wangu. Ana duka dogo na ekari 12, na ana hati ya hakimiliki ya kimila yenye mhuri wa kijiji na wa wilaya, aliyoitia kwenye mfuko wa nailoni na kuifungia sandukuni pamoja na vyeti vya ubatizo vya watoto. Msimu mmoja alitaka Sh. milioni tatu avune ufuta wake na kununua wa majirani, auze kwa pamoja. Akaenda kwenye taasisi moja ya fedha ambayo sitaitaja. Nilimsindikiza.

"Mzee, hati yako ni nzuri sana," meneja alimwambia, akiigeuza geuza. "Ila huna kiwanja mjini?"

"Bwana meneja," mjomba akajibu, "ningekuwa na kiwanja mjini, ningekuletea hati ya kijijini ya nini?"

Tulicheka sote watatu, lakini mkopo haukutoka. Mjomba akachukua fedha kwa mnunuzi wa mazao, kwa makubaliano ya kumkabidhi ufuta uliokuwa bado shambani kwa bei iliyopangwa siku ile. Mavuno yalipofika bei ilikuwa imepanda, na tofauti yote ikaenda kwa mnunuzi. Gunia zilijazwa kwa lumbesa juu yake. Mjomba hakuibiwa, maana alikubali mwenyewe. Lakini alikubali kwa sababu mlango mwingine ulikuwa umefungwa.

Karatasi inasema nini

Hapa ndipo mwanafunzi wa sheria atakapotoa kitabu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 1, 2001, inatamka wazi kuwa haki ya kumiliki ardhi kimila ina hadhi sawa kwa kila hali na haki ya kumiliki inayotolewa na serikali kwa hati ya mjini. Inarithishwa, na inaweza kuwa ya muda usio na kikomo. Mwaka 2004 serikali ikaanzisha MKURABITA, mpango wa kurasimisha rasilimali na biashara za wanyonge, kwa msaada wa taasisi ya Hernando de Soto wa Peru. Tathmini yao ilisema asilimia 98 ya biashara zetu na asilimia 89 ya ardhi na majengo viko nje ya mfumo rasmi. Dawa ilionekana rahisi: wape watu hati, nao watakopesheka.

Miaka zaidi ya ishirini imepita. Hati zimetolewa, na zipo benki zilizokopesha kwa hati hizo katika baadhi ya wilaya. Lakini muulize mfanyabiashara yeyote wa kijijini kama hati ya kimila ina uzito sawa na ya mjini mbele ya dawati la mikopo, atakucheka. Karatasi mbili zina hadhi sawa kisheria, lakini thamani sokoni si moja. Je, wenye benki ni wabaya? Sidhani. Wanapiga hesabu.

Tupige nao hesabu

Tuchukue mfano wa kubuni tu. Taasisi inakopesha watu 20, kila mmoja Sh. milioni tatu. Jumla ni Sh. milioni 60. Kumi na tisa wanalipa, mmoja anashindwa. Ikiwa dhamana yake haiuziki kabisa, zile milioni tatu zimepotea, na ili zirudi, wale 19 waliolipa inabidi wabebe asilimia tano na ushei zaidi juu ya riba yao. Lakini ikiwa deni linaweza kudaiwa kwa miezi mitatu na kwa gharama ya Sh. laki tatu, hasara kwa wale 19 ni kama nusu ya asilimia moja. Mdaiwa sugu mmoja ndiye anayewapandishia riba waungwana 19 wasiomjua hata kwa sura.

Sasa angalia vikwazo vinavyomkabili mkopeshaji wa Kilosa. Sheria inamtaka atoe notisi ya siku 60 kabla ya kuuza ardhi iliyowekwa rehani. Ikiwa ni makazi ya familia, inatakiwa ridhaa ya mwenzi, na kama haikupatikana, mnada unaweza kubatilishwa. Hayo ni sawa na ni haki, nami siombi yafutwe. Mama wa nyumba asiamshwe na dalali mlangoni kwa mkopo asioujua.

Kisha kuna mnunuzi. Mtu wa nje ya kijiji hawezi kununua haki ya kimila bila halmashauri ya kijiji kukubali. Kwa hiyo soko la shamba la mjomba ni majirani zake, na majirani hao ni binamu, mashemeji na watu anaokaa nao msibani. Nani atanyoosha mkono kwenye mnada wa shamba la ndugu yake? Shamba ambalo hakuna anayethubutu kulinunua si dhamana, hata likiwa na mhuri wa dhahabu.

Tena kuna migogoro. Kilosa imekuwa na ugomvi mrefu wa wakulima na wafugaji, na Desemba 2000 huko Rudewa Mbuyuni watu zaidi ya 30 waliuawa. Kuna mashamba makubwa ya mkonge yaliyotelekezwa ambayo serikali imefuta hati zake, na wananchi wanasubiri kujua nani atapewa nini. Kuna mto Mkondoa, ambao mafuriko yake ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaling'oa reli na kuwaacha watu wengi bila makazi. Afisa mikopo aliyekaa Dar es Salaam akisikia jina Kilosa anakumbuka yote hayo kwa mkupuo, hata kama ekari 12 za mjomba hazijawahi kuguswa na ng'ombe wala mto.

Na mgogoro ukizuka, njia yake ni ndefu. Mabaraza ya kata, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, yanasuluhisha tu, hayaamui. Shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kisha Mahakama Kuu. Je, kwa wastani linachukua siku ngapi? Gharama yake ni kiasi gani, ukihesabu nauli na siku za kazi zilizopotea? Hayo ndiyo maswali ya watafiti wa mwaka 2003, na ndiyo ambayo afisa mikopo anayajibu kwa kubahatisha. Anayebahatisha hujilinda kwa kukataa, au kwa kupandisha riba. Wanaobaki nje wanaishia kwenye mikopo ya kausha damu.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mimi naongeza kuwa pale ambapo hakuna anayejua matanga yatachukua siku ngapi, hata harusi haifanyiki.

Panapokopesheka bila shamba

Kuna upande mwingine ambao warsha zetu haziuoni, nao uko wilayani humo humo. Bonde la Kidodi na Ruhembe linalima miwa inayokwenda kiwanda cha Kilombero. Miwa ikishakatwa haiwezi kukaa. Lazima iende kiwandani haraka. Mnunuzi mkubwa ni mmoja, mizani ni yake, na malipo hupitia vyama vya wakulima. Kwa mpango wa namna hiyo mkopo unaweza kukatwa kabla fedha haijafika mfukoni mwa mkulima. Dhamana pale ni njia ambayo fedha inapita. Mkopeshaji hana haja ya kuuza shamba la mtu.

Stakabadhi ghalani ina mantiki hiyo hiyo. Sheria yake ni ya mwaka 2005, ilianza na korosho, na baadaye mfumo ukaingia kwenye mazao mengine kama ufuta na mbaazi. Mzigo unakaa kwa mtu wa tatu, karatasi inasema kilo ngapi na daraja gani, na deni linalipwa mzigo unapouzwa. Mnunuzi wa mzigo ule hahitaji kuwa shemeji wa mtu. Hahitaji kukanyaga kijijini.

Lakini mfumo huo nao una hatari, na hatari yake si ya mkulima. Mwaka 2018 wanunuzi wa korosho waligomea bei, na Novemba mwaka huo serikali ikaamua kununua yenyewe kwa Sh. 3,300 kwa kilo huku jeshi likisomba mzigo. Yupo aliyeshangilia, yupo aliyesubiri malipo kwa muda mrefu. Kwa mkopeshaji somo ni kwamba utaratibu unaweza kubadilika msimu ukiwa katikati, na hatari ya aina hiyo inaingizwa kwenye riba ya msimu unaofuata, hata kama hakuna anayeitamka.

Majirani zetu nao hawakukaa. Kenya ilipitisha mwaka 2017 sheria inayoruhusu mali zinazohamishika, zikiwamo mazao na mifugo, kuandikwa kuwa dhamana katika daftari moja. Uganda ikafuata mwaka 2019. Wilaya yenye ng'ombe na maghala kama Kilosa ina kila sababu ya kutaka kujua daftari kama hilo limewasaidia nani kule, na limewaacha nani. Hiyo nayo ni mada ya warsha.

Mwenye hisa asikilize hapa

Niliahidi kumrudia mwekezaji mdogo. Hisa za NMB ziliorodheshwa mwaka 2008 na za CRDB mwaka 2009, na wasomaji wengi wa ukurasa huu wanazo. Gawio lao linatokana na mikopo inayolipwa. Benki ikikopesha ovyo, mwenye hisa anaumia. Benki ikiogopa kukopesha wilayani, ikajazana Dar es Salaam kugombea wateja wale wale, mwenye hisa anakosa faida ambayo ingepatikana.

Kwa hiyo msomaji huyu anaweza kuwa pande zote mbili za meza. Mchana ni mfanyabiashara wa Mikumi anayelalamika kuwa benki ina roho ngumu, jioni ni mwenye hisa 500 anayelalamika kuwa mikopo isiyolipika imekula gawio. Malalamiko yote mawili ni ya kweli. Hayawezi kupatanishwa kwa hotuba ya kuzitaka benki ziwahurumie wakulima, wala kwa hotuba ya kuwataka wakulima wawe waaminifu. Yatapatanishwa kwa hesabu: siku ngapi, shilingi ngapi, kesi ngapi, nani alishinda, nani alilipwa.

Warsha ninayoipendekeza

Hesabu hiyo benki haiwezi kuitoa hadharani, kwani ni siri ya biashara. Serikali haina haraka nayo. Chuo kikuu ndicho chenye vijana wa sheria, vijana wa fedha, na jina linaloaminika na pande zote. Tena tuna bahati ya jiografia. Chuo Kikuu cha Mzumbe, kilichokuwa IDM kabla ya mwaka 2001, kinafundisha sheria na biashara, na kiko kando ya barabara kuu ile ile inayokwenda Mikumi. Sokoine, chuo cha kilimo, kiko Morogoro mjini. Hakuna mto wa kuvuka.

Warsha zenyewe zisiwe za siku moja na picha ya pamoja. Ziwe mfululizo, mathalani nne kwa mwaka, mbili Kilosa na mbili Mikumi, na kila moja iwe na kazi yake.

Ya kwanza, majalada. Wanafunzi wapitie mashauri ya mikopo na rehani yaliyokwisha katika baraza na mahakama za wilaya, wahesabu siku tangu kufunguliwa hadi fedha kupatikana. Wasiishie kwenye hukumu. Mdai anaweza kushinda kesi na asiione fedha.

Ya pili, minada. Mashamba mangapi ya kimila yalipelekwa mnadani, mangapi yalipata mnunuzi, na kwa bei gani ikilinganishwa na deni. Kama jibu ni kwamba hakuna hata moja lililouzwa, tuambiwe hivyo, tuache kuwadanganya wazee kuwa hati peke yake ni mtaji.

Ya tatu, maghala. Mkopo uliotolewa kwa stakabadhi ulirudi kwa kiasi gani ukilinganishwa na uliotolewa kwa ardhi. Ya nne, mikopo ya mitaani: riba yake halisi ni ipi mtu akihesabu ada, lumbesa na mazao yaliyouzwa yakiwa mabichi.

Waalikwa wasiwe maprofesa tu. Awepo hakimu, mwenyekiti wa baraza, meneja wa benki, dalali, mtendaji wa kijiji, mama lishe aliyekopa akalipa, na mmoja aliyekopa akashindwa. Huyu wa mwisho anajua mengi kuliko sote. Majadiliano yawe kwa Kiswahili, kwani tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama zetu, na matokeo yachapwe ukurasa mmoja ubandikwe ofisi ya kijiji na benki.

Watakaopinga

Najua watakaonijibu. Mtafiti atasema wilaya moja ni sampuli ndogo na jarida la nje halitaichapisha. Huenda. Lakini hesabu ya Dar es Salaam peke yake ilichukuliwa kwa miaka mingi kuwa ndiyo Tanzania nzima na hakuna aliyesema sampuli ni ndogo.

Mwingine atasema fedha hakuna. Namuomba aangalie bajeti ya semina moja ya hoteli kubwa ya Dar es Salaam: ukumbi, posho za vikao, mabegi yenye nembo, chakula cha mchana. Nyumba za wageni za Mikumi hazina bei hizo, na anayetoka Dar es Salaam kwenda Kilosa anapanda treni.

Wa tatu, naye ndiye ninayemheshimu zaidi, atasema kuwa hesabu ikitoka mbaya, benki zitapata sababu ya kukimbia kabisa. Hofu hiyo ina uzito. Ila benki haikusubiri utafiti ili imkatalie mjomba. Ilimkatalia bila utafiti. Hesabu mbaya inayojulikana inaweza kurekebishwa kipengele kwa kipengele, ama ni notisi, ama ni baraza, ama ni mnunuzi. Hofu isiyo na hesabu haina pa kushikwa.

Wiki ijayo nitarudi na bei kama kawaida. Kwa sasa mjomba ameniuliza kama benki imebadili mawazo kabla ya msimu wa ufuta, nami nimemwambia ukweli kuwa sijui. Ile hati bado iko sandukuni, kwenye mfuko wake wa nailoni. Vyuo vyetu vikitaka mada ya utafiti, ipo tayari imeandikwa, na mhuri unao.